Kugonga Mara Tatu Sakafuni

Mzee Rajabu alizikwa Jumatatu na mimi nilipata habari Jumanne. Waislamu hawangojei, na mimi nakaa Ruziba, pembeni mwa Bujumbura, ambako simu yangu inashika mtandao nikisimama karibu na choo tu. Basi nilifika mtaani Buyenzi watu wameshamaliza hitima, mikeka inakung'utwa uani, na mjane wake, Mama Hadija, amekaa kwenye kiti cha plastiki miguu imemvimba. Alinishika mkono akaniangalia. "Jozefina, umezeeka sana," akasema. Nikamwambia, "Na wewe, mama." Tukacheka kidogo, maana ilikuwa kweli kwa wote wawili. Halafu akaniambia niende nione karakana kabla sijarudi. Sikuwa nimeingia mle tangu mwaka wa tisini na saba. Nitasema nilichokiona, lakini lazima kwanza niseme habari za mwaka wenyewe, na niombe radhi mapema. Nilisoma mpaka darasa la sita. Daftari zangu za siku zile zililowa mvua, na kuna mambo ambayo sijui kama nayakumbuka yenyewe au nakumbuka tu nilivyoyaandika.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, kuta za matofali mabichi, bati juu, sakafu ya udongo ulioshindiliwa. Zamani Mzee alikuwa na karakana nzuri Kinama, yenye simenti na madirisha ya vioo, lakini vita vilipoanza kugawanya mitaa alikimbia na jiliwa moja kichwani, hicho chuma cha kubania kazi, na bibi yake, Mama Hadija, akabeba sanduku la tupa. Buyenzi walimpa chumba hicho akaanza upya. Upande wa kushoto alikaa Melki, fundi wa baiskeli, aliyepangishwa kona ile na ambaye mdomo wake haukufungwa mpaka mwisho wa siku. Upande wa kulia ilikuwa meza ya Mzee. Alitengeneza vyerehani, makufuli, na bunduki za upepo, zile zinazosukuma kirisasi kidogo kwa nguvu ya springi. Najua msomaji atauliza, mji uliojaa bunduki za kweli, nani alikuwa na moyo wa kupeleka hizo za mchezo kwa fundi? Walikuwepo. Wenye mashamba ya mpunga walifukuzia ndege. Kajaga palikuwa na mtu mwenye kibanda cha kulenga vifuniko vya bia. Wenye nyumba kubwa za Kinindo walipigia kunguru na popo. Mzee alikuwa na karatasi ya komini, yaani kibali cha serikali ya mtaa, yenye muhuri, ameibandika ukutani juu ya jiliwa, na kila asubuhi aliifuta vumbi kabla ya kufuta kitu kingine chochote.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya kuandika. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kazi yangu ilikuwa kufunga kila kipande kinachotoka ndani ya bunduki kwa uzi na kikaratasi, nikiandika jina la mwenyewe, ili kisije kikaingia ndani ya bunduki ya mwingine. Baada ya miezi miwili nikaanza kuchora vipande hivyo pembeni mwa daftari langu, na hapo ndipo Mzee aligundua kwamba nina jicho. Hata leo sijui kama nilikuwa nalo, au yeye alitaka tu mtu wa kuongea naye. "Angalia," alikuwa anasema, anaweka gasheti mbili mbele yangu, yaani kile kikono unachovuta kwa kidole. "Ndugu hizi. Tofauti iko wapi?"

Tofauti zilikuwa nyingi kuliko mtu anavyodhani. Tuchukue bunduki moja tu ya Kijerumani, ambayo ukiitazama kwa nje ni ile ile miaka thelathini, mbao ile ile, mtutu ule ule. Ndani wameibadilisha mara tatu. Ile ya zamani kabisa gasheti yake ni chuma kizima, nene, ina skrubu moja, na ndani yake jino linalozuia pistoni limesimama wima kama jino la mbele la mtu. Unavuta mpaka unasahau ulikuwa unalenga nini. Ya pili ina skrubu mbili, moja ya kushika na moja ya kulainisha mvuto, na jino lake ni fupi, limelala kidogo, lina tundu dogo pembeni. Ya tatu haina jino. Ina gololi tatu ndani ya pete, na mtu akiifungua bila kujua zinaruka. Melki alishatambaa chini ya meza mara ngapi sijui akizitafuta. "Mzee, huyu Mujerumani alikuwa na kazi au alikuwa na mapepo?" alikuwa anauliza kutoka huko chini. Halafu kulikuwa na zile za bei ndogo za nchi nyingine, gasheti yake ni bati lililokunjwa, ndani tupu kama kopo. Melki alizicheka. Mzee hakuzicheka. Alisema, "Hii ya bati mutu aliichora akiwa na njaa. We chora na hiyo."

Kabla ya bunduki kurudi kwa mwenyewe, kulikuwa na desturi moja ambayo Mzee hakuiacha hata siku moja. Aliikoki, akaelekeza mtutu juu, akagonga kitako chake chini mara tatu kwa nguvu. Kama jino halikuachia, bunduki ni nzima. Aliifanya hivyo Kinama miaka kumi na mitano, akaifanya hivyo Buyenzi. Mimi niliandika kwenye kikaratasi: imegongwa. Basi, kazi imekwisha.

Mwaka ule mipaka ilikuwa imefungwa kwa vikwazo, sisi tuliita embago, na hakuna kipuri kilichoingia. Tulikata springi za vitanda. Mama Hadija alituletea chakula mchana, mara nyingi maharage na ndizi, siku nzuri ndagala, dagaa wa ziwani, na Mzee alikula mkono wa kulia huku wa kushoto unazungusha jino la mtu kwenye mwanga. Ndipo alipokuja Bwana Anatole wa Kinindo. Alikuwa mtu wa ofisi, mwembamba, kaptula yake imepigwa pasi mpaka mstari unaweza kukukata. Bunduki yake ilikuwa ile ya zamani kabisa, jino wima, limelika. "Kunguru wamemaliza maparachichi yangu," alisema. "Sasa wananijua mpaka jina." Jino la aina ile hatukuwa nalo. Tulikuwa na moja la aina ya pili, lile fupi. Mzee aliniambia nilipige tupa mpaka likae. Ilikuwa mara ya kwanza kuniachia kazi hiyo peke yangu. Nililipiga tupa siku mbili. Lilikaa, lakini lilishika pistoni kwa nusu ya upana uliotakiwa, nililiona hilo, nikamwonyesha, akatia jicho akasema, "Tutaona kwenye kugonga." Akagonga mara tatu. Halikuachia. Nikaandika: imegongwa. Nilifurahi sana siku ile, imo kwenye daftari.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu, gari la jeshi lilisimama mbele ya mlango. Alishuka ajida mmoja, mkubwa wa askari, mwenye bandeji shavuni, chini kabisa ya jicho la kushoto, na askari wawili, na katikati yao Bwana Anatole, kaptula haina pasi. Yule ajida alikuwa kaka wa mke wake. Nilikuja kujua habari yote kidogo kidogo, lakini niiseme hapa iwe wazi. Jumapili walikula pamoja barazani Kinindo. Mezani waligombana habari za vita, maneno mabaya, maana ndoa ile ilikuwa imeunganisha familia mbili ambazo mwaka ule hazikutakiwa kuunganishwa. Sitaandika nani alikuwa nani. Wote wawili walikula sahani moja. Baada ya chakula Anatole alichukua bunduki, akaikoki kwa ajili ya kunguru, akaiweka kitako chini. Ajida aliinama kuokota kifuniko cha chupa. Bunduki ikalia, na ajida hakuamini kwamba ni bahati mbaya.

"Mzee, mi sina haraka," ajida alisema. Alikuwa anaongea taratibu, nadhani kwa sababu ya shavu. "Nataka kujua kitu kimoja. Hii bunduki inaweza kujipiga yenyewe?"

"Bunduki ikitoka hapa haijipigi," Mzee akasema.

"Mi sikuvuta," Anatole akasema. "Mzee, kidole yangu haikuwa kwa gasheti. Mkono ulikuwa juu ya glasi."

"Glasi ya ngapi?" ajida akauliza, na askari mmoja akacheka.

Mzee akaichukua, akaikoki, akagonga. Moja, mbili, tatu. Kimya. "Rudia," ajida akasema. Akarudia. Kimya. Hata Melki alikuwa ameacha kuzungusha gurudumu. Mimi, nikisema kweli, nilikuwa naona fahari. Jino langu lilikuwa limeshika mara sita. Sikumtazama Anatole usoni mpaka nilipomsikia anavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Andikeni," ajida akasema. "Nani anajua kuandika hapa?" Mzee akanionyesha kwa kidevu. Kifaransa changu hakikuwa cha kumpa mkubwa, nikaandika kwa Kiswahili: Bunduki hii imegongwa mara sita, haikupiga, ni nzima. Mzee akatia sahihi. Ajida akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni. Bunduki akaiacha pale pale, alisema hataki kuiona. "Jumapili nakuja kumchukua nyumbani, atasema mbele ya wakubwa," alituambia sisi, si Anatole. "Nampa wiki kwa sababu ya dada yangu." Mwaka ule kila mtu Bujumbura alijua maana ya mtu kuchukuliwa akaseme.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia. Chini ya meza ya Mzee, pale alipokuwa anasimama, ufagio uliingia kwenye kishimo. Nilikuwa nimefagia kishimo hicho miezi na miezi bila kukitazama. Kilikuwa na umbo la kitako cha bunduki, kimelika laini, kina cha kidole kimoja, na pembeni alama mpya za jana. Nilikaa nikichungulia. Udongo ulikuwa umekunywa pigo. Kila tulipogonga, nusu ya nguvu ilikwenda chini ikachimba, na jino halikusikia kitu. Kinama palikuwa na simenti. Baraza ya Kinindo ni simenti. Mtu mwenye shule angeliona hilo siku ya kwanza, na mimi mpaka leo najiuliza kwa nini Mzee, aliyeona unene wa unywele kwenye jino, hakuuona ule udongo. Nadhani alikuwa anagonga bado sakafu yake ya Kinama.

Nilichukua ile bunduki nikaenda uani kwenye bomba, palipokuwa na simenti ya kufulia. Nikatafuna karatasi nikaiweka mahali pa kirisasi ili springi isivunjike. Nikagonga. Pigo la kwanza, jino likashika. La pili, pwaa, karatasi ikaruka juu ya bati. Mama Hadija alikuwa anaosha sufuria. Aliniangalia, akaangalia bunduki, akasema tu, "Yoo."

Mzee nilimwambia kabla ya chakula. Aliuliza nani mwingine ameona. Nikasema mama. Akaniambia nikae kimya, nisimwambie Melki, niendelee na kazi. Nilikwenda kukaa mezani, na nyuma ya mkeka uliotenga chumba chao nilisikia kila neno, maana mkeka hauzuii kitu.

"Na yule mutu wakimuua?" Mama Hadija aliuliza.

"Hawatamuua. Watamuuliza, watamuacha."

"Nani uliona aliulizwa akaachwa?"

Kijiko kiligonga sahani. "Nimetia sahihi, Hadija," Mzee akasema. "Mbele ya askari. Nikisema leo nilikosea, watasema nani alikulipa. Nilikimbia na jiliwa moja kichwani. Sasa nikimbilie wapi, ndani ya ziwa?"

Nataka kuwa mwadilifu kwake. Hakuwa mtu mbaya, na hofu yake haikuwa ya uongo. Watu wengi walikula kwa ile karatasi ya muhuri, na mimi mmoja wao. Siku tatu nilikaa kimya kama alivyosema na nilifanya kazi yangu vizuri. Kwenye daftari ya Jumatano nimeandika habari ya cherehani. Ya Alhamisi, ndagala walikuwa na mchanga. Sijui niliwezaje. Ya Jumamosi ina mstari mmoja: Nimekwenda Kinindo, mvua kidogo.

Niliifungua bunduki vipande viwili, nikaifunga kwenye kitenge, nikaibandua karatasi ya komini ukutani Mzee akiwa msikitini, kwa sala ya adhuhuri. Huo ni wizi, nauandika kama wizi. Kwenye kizuizi askari alifungua kitenge kwa ncha ya bunduki yake. "Hii inaua nini?" "Kunguru," nikamwambia, "akikubali kukaa kimya." Akacheka, akasoma muhuri, akaniachia.

Mke wa Anatole, Madamu Spesioza, alinifungulia mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nilimwomba amwite kaka yake kwa simu, nikasema sitaeleza mara mbili. Aliniketisha barazani na Fanta kwenye glasi, kisahani chini yake. Nilingoja karibu saa mbili. Anatole alitoka akakaa kiti cha pili. Aliongea habari za mparachichi, jinsi tawi la upande wa ziwa linavyozaa na la upande wa barabara halizai. Nilimwona anaangalia bunduki na kuacha kuiangalia.

Ajida alipofika sikumwamkia vizuri. Nilisema, "Afande, kwetu sakafu ni udongo." Nikaikoki, nikaweka karatasi niliyotafuna, nikaelekeza mtutu juu, nikagonga baraza. Ikashika. Alinitazama. Nikagonga tena, ikalia, karatasi ikabaki imenata kwenye dari. Aliichukua mkononi mwangu, akaikoki mwenyewe, akaigonga mara moja tu, kwa hasira, ikalia papo hapo. Akashika shavu, nadhani bila kujua.

"Jino nani aliweka?"

"Mimi."

"Na karatasi nani aliandika?"

"Mimi."

"Kusudi?"

"Apana, afande. Tuligonga udongo tukifikiri ni simenti."

Akatazama dari muda mrefu. "Na mzee wako anasema nini?"

Hapa ndipo ninapojishuku mpaka leo. Nilikuwa nimesema kweli tatu mfululizo, na ya nne ingemfunga Mzee Rajabu. "Amenituma," nikasema.

Ajida alitoa mfukoni ile karatasi yenye sahihi, akampa dada yake. "Washia mkaa," akamwambia. Akamgeukia Anatole, nikadhani atamwomba msamaha. Alisema, "Shemeji, nunua manati." Ndivyo ilivyokwisha. Jumapili hakuna aliyechukuliwa. Miaka mitano baadaye nilimwona Anatole sokoni, ananunua vitunguu, anabishana.

Lakini Jumatatu ajida alikuja karakana, peke yake. Alimshika Mzee mkono mbele ya Melki na wateja wawili. "Mzee, ungeweza kunyamaza," akasema. Mzee alinitazama juu ya bega la ajida. Karatasi ya komini ilikuwa imerudi ukutani, imepinda kidogo. "Ndiyo," Mzee akajibu. "Ningeweza." Ajida akaondoka akimsifu. Melki akasema, "Eh, Mzee, leo umekuwa mtakatifu wa Wakristo."

Jioni, kabla ya kufunga, Mzee aliniambia, "Jozefina, mwanangu, kazi imepunguka." Bunduki tano zilikuwa zinaning'inia nyuma ya kichwa chake. Nilisema nimeelewa. Alichukua tupa niliyokuwa natumia, akaizungusha kitambaa, akanipa. Hatukuonana tena kwa kukaa na kuongea. Nilisikia anaendelea, nilimtumia salamu za Idi kila mwaka, alizirudisha. Nilifikiri nilimtia aibu ambayo mtu hasamehe: nilimpa sifa ya jambo alilokataa kulifanya. Nilifikiri hivyo miaka yote hii, na labda ilikuwa kweli. Siwezi kumuuliza tena.

Basi siku ile ya matanga niliingia. Meza ile ile. Jiliwa lile lile. Kona ya Melki sasa ina pikipiki. Kuta zimepakwa chokaa, lakini chini ni udongo bado, nilishangaa, baada ya miaka yote ile ni udongo bado. Mwanamume mmoja mwenye ndevu, fundi aliyerithi kazi, alikuwa anafungua kufuli, akaniitikia salamu bila kuinua kichwa. Nilikwenda mpaka pale alipokuwa anasimama Mzee, kutazama kishimo. Hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na simenti, kipande cha mraba, ukubwa wa sinia, kimezama sawa na udongo. Katikati kimelika mpaka kinang'aa. Simenti mwaka ule wa embago ilitafutwa kama dawa.

"Hii iliwekwa lini?" nikauliza.

"Nimeikuta, mama. Wanasema toka wakati wa vita." Sasa aliinua kichwa, akaona nimesimama wapi, akakunja uso kidogo kwa adabu. "Samahani, mama, sogea hapo. Mzee alikuwa hapendi mutu akanyage Jozefina."

"Akanyage nani?"

"Hiyo simenti. Ndiyo jina yake. Kila kazi ikiisha alikuwa anatuambia, kabla ya kumurudishia mutu kitu yake, peleka kwanza kwa Jozefina."

Nikasogea.